Insulini isisafiri na masanduku

MSOMAJI, tuseme tikiti imefika. Mtoto aliyekwenda Marekani miaka kumi iliyopita amejifungua, au anahitimu chuoni, na sasa anataka mama yake aende amwone. Nyumbani, pengine ni Kianjokoma, pengine ni Runyenjes, watu wa kanisa wamekwisha kuja kumwombea safari njema. Masanduku mawili yamefunguliwa sebuleni. Ndani mna unga wa wimbi, njahi, kiondo kipya, mchele wa Mwea na nguo za mtoto mchanga. Halafu mtu, mara nyingi ni binti mkubwa ambaye ndiye fundi wa kufunga mizigo, anaitoa dawa ya mama ya kisukari kwenye friji, anaiviringisha ndani ya leso ili chupa zisivunjike, na kuitia katikati ya sanduku kubwa, mahali palipo laini kabisa.

Hapo ndipo ningependa kumshika mkono. Itoe, dada. Mahali hapo palipo laini ndipo pabaya kuliko pote.

Sanduku hilo litapokewa kwenye kaunta ya uwanja wa Jomo Kenyatta, libandikwe karatasi yake, na kuanzia hapo mama hataliona tena mpaka mwisho wa safari, ikiwa litafika pamoja naye. Mizigo hupotea. Mara nyingine hubaki kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, mwenyewe akiwa amekwisha kufika, na kuletwa baada ya siku mbili tatu. Ukikosa gauni kwa siku tatu, utaazima la mwanao. Lakini ukikosa insulini kwa siku tatu, nawe una kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hauitengenezi insulini yake wenyewe, mambo ni mengine kabisa. Damu huanza kujaa asidi, mtu akatapika, akahema kama aliyepanda mlima mbio, na mwishowe akazimia. Hayo yaweza kuanza kabla hata saa 24 hazijakwisha. Mwenye kisukari cha aina ya pili anayetumia vidonge ana nafasi zaidi kidogo, ila hata yeye sukari haitamngojea sanduku.

Kuna na jambo la baridi. Ndege kubwa hupaa mita 10,000 na zaidi, ambako hewa ya nje hufika nyuzi 50 chini ya sufuri. Sehemu ya mizigo ina hewa yake na mara nyingi haigandi, lakini hakuna anayeweza kukuahidi itakuwa na joto kiasi gani. Isitoshe, masanduku hukaa nje yakingoja kupakiwa, na Januari kule Ulaya au Marekani nje ni barafu. Insulini haivumilii kuganda. Ikiganda mara moja imekwisha kazi, hata ikiyeyuka na kuonekana kama ya kawaida. Mama atajidunga maji asubuhi na jioni, sukari ipande, na nyumba nzima ishangae ni kwa nini dawa haifanyi kazi ughaibuni.

Ajabu ni kwamba watu wengi huogopa joto na kusahau baridi. Kweli, kabla haijafunguliwa, insulini hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Lakini ile iliyofunguliwa na inayotumika huweza kukaa nje kwa muda wa wiki nne hivi, mradi isipate joto la kupita nyuzi 30 (aina nyingine zina masharti yao, soma karatasi iliyo ndani ya pakiti). Tena mwaka wa 2021 ulitolewa utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva uliofanyiwa kazi humu humu nchini. Walipima joto la kambi ya Dagahaley kule Dadaab, ambako hali ilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakairudia hali hiyo katika maabara kwa wiki nne. Insulini ilibaki na nguvu zake sawa na ile iliyokaa kwenye friji. Sisemi basi uiache juani. Nasema safari ya siku moja au mbili bila friji si ya kumnyima mtu usingizi. Kinachopaswa kukunyima usingizi ni yule jamaa atakayekwambia uizungushie vipande vya barafu kama samaki. Chupa ikigusana na barafu yaweza kuganda ubavuni kabla hujavuka Mwea. Kama unataka ubaridi, iviringishe kwa taulo kavu kwanza, barafu iwe upande wa pili, au tumia vile vifuko vinavyoloweshwa maji na kupoa vyenyewe kwa upepo, kama mtungi wa nyanya unavyopoza maji bila stima.

Nimetaja Mwea kwa sababu. Watu hudhani safari ya ndege huanza Nairobi. Kwa mtu wa Embu huanza stendi ya matatu. Ni kilomita 125 hivi hadi Nairobi, na sehemu kubwa ya mwanzo ni kushuka kutoka baridi ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hadi kwenye tambarare ya Wang'uru ambako jua la saa saba mchana halina mchezo. Wanaotoka Siakago au Kiritiri wameanzia kwenye joto tangu mlangoni pao. Sasa fikiria mkoba wa dawa umewekwa na makanga kwenye keria, au mbele ya dereva juu ya dashibodi, chini ya kioo. Hapo joto hupita la Dadaab mara moja, na ni joto ambalo hakuna utafiti utakaokutetea. Mkoba wa dawa ukae mapajani mwa mwenyewe, upande usiopigwa na jua. Makanga akisema mizigo yote nyuma, mwambie huu si mzigo.

Kuna na mazoea yetu mengine ambayo kwangu mimi ni ya hatari kuliko joto lenyewe. Wazee wetu wengi siku ya safari hawali. Wanaogopa kusumbuliwa na haja njiani, mahali ambapo gari halisimami ovyo na hakuna choo cha heshima. Basi mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anajidunga sindano yake kama kawaida kwa sababu daktari alimkanya asiiache, kisha anakunywa nusu kikombe cha chai ya rangi na kuingia garini. Akifika Makutano insulini imekwisha kuanza kazi na haina cha kushughulikia. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno hayafuatani, na abiria walio karibu wanasema mzee ameanza kulia kwa ajili ya safari. Siyo kulia huko. Sukari imeshuka, na akiachwa hivyo huenda akazimia. Dawa yake ni kitu kitamu cha haraka: glukosi, vijiko vitatu vinne vya sukari ndani ya maji, soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari), au peremende za kutafuna. Kisha, akipata nafuu, ale chakula cha kushiba. Ni heri gari lisimame mara tatu njiani kuliko mama afike uwanjani amebebwa.

Karatasi nazo zatakiwa zishughulikiwe wiki mbili tatu kabla, si asubuhi ya kuondoka. Nenda kliniki anakotibiwa, iwe ni hospitali kuu ya Embu au nyingine, uombe barua ya daktari. Iandikwe kwa Kiingereza, ipigwe chapa, iwe na muhuri, na itaje dawa kwa majina yake ya kitaalamu, si ya kibiashara pekee, pamoja na sindano, kimashine cha kupimia sukari na vile vijisindano vya kutobolea kidole. Kisha angalia jina. Hapa kwetu mtu ana majina mengi. Kadi ya kliniki inasema Wawira, pasipoti inasema Agnes na jina la mume, na kanisani wanamjua kama Mama fulani. Afisa wa Chicago hajui kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Barua na vibandiko vya dawa vifuate pasipoti.

Na hapo kwenye vibandiko niruhusu niseme na wenye maduka ya dawa. Mna desturi ya kuhesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha ndogo, kisha kuandika juu kwa kalamu 1 x 2, basi. Kwa mgonjwa wa jirani yatosha. Kwa msafiri bahasha hiyo ni fumbo: vidonge vyeupe visivyo na jina, kutoka nchi ya mbali, ndani ya mkoba wa mtu asiyejua Kiingereza. Msomaji, dai pakiti yenyewe ya kiwandani na risiti yake. Unayo haki.

Sasa tumefika uwanjani. Jomo Kenyatta utakaguliwa zaidi ya mara moja: barabarani unapoingia, ambapo abiria hushuka garini na kupita kwa miguu, kisha penye jengo, na tena kabla ya kupanda. Wengi huogopa kwamba sindano na chupa za maji ya dawa zitachukuliwa. Hofu hiyo ina historia yake. Mwezi wa Agosti 2006 polisi wa London walivumbua njama ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji, na tangu hapo ikawekwa sheria kwamba chupa ya kitu cha majimaji anayoingia nayo abiria isipite mililita 100. Lakini dawa za lazima zilitolewa katika sheria hiyo. Na hata zisingetolewa, fanya hesabu: chupa ya insulini ni mililita 10 na kalamu moja ya insulini ni mililita 3. Chupa nane zikiwekwa pamoja hazifiki mililita 100. Kitakachochukuliwa ni chupa ya uji. Mama asibebe uji, ataona ukimwagwa mbele ya macho yake, na si jambo la kupendeza. Abebe biskuti, njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa na glukosi ya vidonge. Akiwa na ndizi, aile aimalize kabla ndege haijatua, kwa maana maofisa wa Marekani hawataki matunda ya wageni.

Mitambo ya kumulika mikoba haidhuru insulini. Wanaovaa pampu, au kile kipimo kinachobandikwa mkononi na kusoma sukari mchana kutwa, wana habari nyingine: watengenezaji wengi hushauri vifaa hivyo visipitishwe kwenye mitambo hiyo wala ile ya kumulika mwili. Mwambie afisa mapema, akukague kwa mkono. Ukisema kabla hajakuta mwenyewe, hutendewa kwa upole zaidi. Hiyo ni kawaida ya binadamu wenye magwanda popote duniani.

Mama akisukumwa kwa kiti cha magurudumu, kama wanavyofanyiwa wazee wengi, mkoba wa dawa usipewe msukumaji. Ukae mapajani, na kamba yake shingoni. Na kuna mtego mmoja mlangoni mwa ndege ambao haumo kwenye maelezo ya tikiti. Ndege ikijaa, wahudumu huanza kuwaambia abiria wa mwisho kwamba mikoba yao mikubwa itashushwa kwa mizigo. Wanasema kwa haraka, mtu anatii, na dawa yote inakwenda huko huko tulikokuwa tunaikimbia. Kwa hiyo dawa iwe ndani ya kifuko kidogo ambacho chaweza kutolewa mara moja. Ndani ya ndege kifuko kikae chini ya kiti cha mbele, si juu kwenye makabati, kwa kuwa utakipata vipi usiku jirani wawili wamelala?

Kabla hatujapaa, acha niguse vitu viwili ambavyo vyaweza kuuponza mkoba mzima. Cha kwanza ni muguka. Embu ni nyumbani kwake, na hakuna ajabu mjukuu wa Uingereza kumnong'oneza mtu kwenye simu amletee kidogo. Uingereza iliyapiga marufuku majani hayo tarehe 24 Juni 2014, na Marekani hairuhusu kabisa. Mkoba ukishikwa kwa ajili ya majani ya mjukuu, insulini ya nyanya imeshikwa pia. Cha pili ni dawa za miguu. Wagonjwa wengi wa kisukari cha miaka mingi huwakwa na nyayo usiku, na daktari huwapa pregabalini, au tramadoli kwa maumivu makali. Hizo ndizo za kuchunga. Pregabalini inadhibitiwa kisheria Marekani, na Uingereza tangu Aprili 2019. Falme za Kiarabu hutaka msafiri aombe kibali mapema kwa dawa za namna hiyo. Desemba 2017 mahakama ya Misri ilimfunga mwanamke mmoja Mwingereza miaka 3 kwa kuingia na tramadoli, akisema alikuwa akimpelekea mtu mwenye maumivu ya mgongo. Insulini haijamfunga mtu. Vidonge vya miguu vyaweza. Na unga wa miti shamba usio na kibandiko uache nyumbani.

Basi tumo angani, na hapa ndipo akili inapotakiwa kukaa sawa, kwa maana jambo gumu kuliko yote ni saa.

Chukua mama anayejidunga mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, kabla ya kula. Tuseme ndege yake ya moja kwa moja kwenda New York, njia ambayo Kenya Airways iliifungua Oktoba 2018, inaondoka saa tano na nusu usiku, na itakaa hewani kama saa 15. Sindano ya jioni alichoma Nairobi, akala. Saa moja asubuhi ya Embu inamkuta katikati ya safari, nje giza, taa zimezimwa, hakuna chai. Halafu anatua. Embu ni saa nane na nusu mchana, lakini New York, wakati wa baridi, ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua ndilo linachomoza. Binti yake anamkumbatia, anampeleka nyumbani, na kumwekea kiamsha kinywa. Je, ajidunge sindano ya asubuhi? Kama alichoma angani ile ya asubuhi ya Embu, hazijapita hata saa tisa. Akichoma nyingine kamili, mbili zitapandana mwilini na sukari itaanguka. Kama hakuchoma angani, amekaa zaidi ya saa 15 na sukari imepanda vya kutosha. Siku hiyo kwake haikuwa na saa 24, ilikuwa na saa 32.

Jibu lake silitoi hapa, kwa sababu si moja kwa watu wote. Lategemea ni insulini ya aina gani, anachoma mara ngapi, na anakula nini. Lakini swali lazima lipelekwe kwa daktari kabla ya kuondoka, pamoja na karatasi ya tikiti yenye saa za kupaa na kutua, naye daktari aandike: saa hii ya Embu choma kiasi hiki, ukifika choma kiasi hiki. Kwa jumla, ukienda magharibi siku hurefuka na dawa huenda ikahitaji kuongezwa kidogo. Ukienda mashariki siku hufupika na dawa hupunguzwa. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou hupoteza saa 5. Anayekwenda Doha hana la kubadili, saa zao na zetu ni moja, na Dubai ni tofauti ya saa moja tu. Mpaka atue, saa ya mkononi ya mama iendelee kusoma Embu. Na apime damu yake kila baada ya saa nne au tano akiwa macho, kwani kidole hakidanganyi kama saa.

Kingine, asichome sindano ya chakula kwa kusikia harufu ya chakula. Gari la chakula hupita safu ya kwanza, ndege ikaanza kutikisika, wahudumu wakaamriwa waketi, na trei ikachelewa nusu saa. Achome trei ikiwa mbele yake na amekwisha kuonja. Pia hewa ndani ya ndege ni nyepesi kuliko ya chini, kama umekaa Nyahururu hivi, kwa hiyo asisukume hewa nyingi kwenye chupa anapovuta dawa. Mwenye kalamu aingize sindano wakati wa kuchoma tu, kisha aitoe, la sivyo dawa huvuja. Sindano iliyotumika isiachwe kwenye mfuko wa kiti, aitie ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Wala asiwape wahudumu insulini wamwekee kwenye barafu yao. Wakarimu hao wataigandisha.

Kama mama hajui Kiingereza, mwandikie kadi aivae shingoni: ana kisukari, anatumia insulini, akionekana kama mlevi mpeni kitu kitamu, na nambari ya simu ya mwanawe. Mtu ambaye sukari imeshuka huongea lugha yake ya utotoni, na Kiembu hakina wakalimani angani.

Abebe dawa kiasi gani? Mara mbili ya anayohitaji. Anayetumia yuniti 40 kwa siku humaliza chupa ya yuniti 1,000 kwa siku 25, kwa hiyo miezi mitatu ni chupa 4, na abebe 8. Anayetumia yuniti 20 asijidanganye kwamba mbili zitamtosha, kwa kuwa chupa iliyofunguliwa hutupwa baada ya wiki nne hata kama imebaki nusu. Utasema ni kupita kiasi. Waulize waliokuwa Jomo Kenyatta tarehe 7 Agosti 2013 moto ulipoteketeza jengo la kuwasili. Waulize wa Machi 6, 2019, au wa Septemba 11, 2024, siku ambazo wafanyakazi wa uwanja waligoma na abiria wakalala juu ya mikoba. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga ya Ulaya karibu wiki nzima. Na Machi 2020 safari za abiria za kimataifa zilisimamishwa humu nchini na hazikurudi mpaka Agosti 1. Aliyekwenda kwa wiki mbili alikaa miezi minne. Kama mnasafiri wawili, gaweni dawa nusu kwa nusu katika mikoba miwili ya mkononi.

Wala usitegemee kununua huko. Bei ya insulini Marekani imekuwa kilio cha wenyewe kwa miaka mingi, na aina nyingi hazitoki bila cheti cha daktari wa kwao. Majina nayo hubadilika. Vidonge tunavyoviita glibenklamidi, wao huviita gliburaidi. Insulini ya mchanganyiko ambayo sisi twaijua kama Mixtard 30, kwao huandikwa 70/30, na ni mchanganyiko ule ule.

Kubwa zaidi ni hesabu ya sukari. Kimashine cha Embu kikisoma 7, cha Marekani kitasoma 126 kwa damu ile ile. Wao hutumia kipimo kingine, na kukigeuza unazidisha chetu kwa 18. Mama akipimwa kwa mashine ya binti yake na kuona 126, atapiga magoti aombe. Na akimwambia muuguzi wa huko kwamba sukari yake ni 10, muuguzi atadhani amekwisha kuzimia. Andika nyuma ya ile kadi: 4 ni 72, 7 ni 126, 10 ni 180, 15 ni 270.

Wanafunzi, msifikiri haya ni ya wazee. Kijana wa kisukari aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo hafungiwi na sindano yake. Uingereza imewaruhusu watu wanaotumia insulini kuwa marubani wa kibiashara tangu 2012, na Marekani ikafuata 2019, kwa masharti makali ya kujipima kabla ya kupaa na wakiwa hewani. Ikiwa mtu aweza kuiendesha ndege hiyo na insulini mfukoni, wewe waweza kukaa kiti cha nyuma.

Mama akifika, chupa zisizofunguliwa ziingie kwenye friji, upande wa mlangoni, mbali na ile sehemu ya kugandishia. Na siku ya kurudi, masanduku yakiwa yamefura zawadi, binti wa huko atataka kuiviringisha dawa iliyobaki ndani ya koti jipya. Mpigie simu usiku huo.